Ruta Imechemsha

Mtandao ulikatika pale pale Dada alipoinua kidole aseme "robo tatu." Sura yake ikaganda kwenye skrini za watoto, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kidole juu, kama mtu aliyepigwa picha katikati ya chafya. Watoto wenyewe hawakuwa na neno, walishazoea. Yupo mmoja aliwahi kuipiga picha ile sura akaitupia kwenye kundi la darasa. Shida ni kwamba safari hii Mkuu wa masomo naye alikuwa ameingia kusikiliza.

"Wayaaa!"

Sauti ya Dada ilitoka chumba cha mwisho, ikapita koridoni, ikamkuta Waya jikoni ana kipande cha mkate mdomoni. Akakimbia nacho hivyo hivyo.

Waya ni mdogo wake Dada. Jina la shule analo, ila nyumbani lilishasahaulika. Wanamwita Waya kwa sababu ya mwili, na kwa sababu ya ule ugonjwa wake wa kufungua kila kitu chenye skrubu. Shule amemaliza, matokeo bado, kazi hana; na kijana wa hivyo, we mwenyewe unajua, ndani ya nyumba anakuwa fundi, tarishi, mbeba mtungi wa gesi na mtu wa kulaumiwa. Mtandao ukikatika anaitwa yeye, kama vile ndiye anayeupuliza kwa mdomo.

Akaangalia kompyuta. Nzima. Akatoka mbio kwenda sebuleni inakokaa ruta, kile kisanduku cheupe chenye pembe mbili kinacholeta intaneti, juu ya kabati la vyombo. Kufika, taa zilikuwa tayari zinarudi, kijani moja, kijani nyingine, mpaka ya mwisho. Babu yupo kwenye kiti chake kando ya kabati, kofia imemshukia machoni, anasinzia zake.

"Imerudi!" Waya akapiga kelele.

"Imerudi," Dada akajibu kutoka kule, "lakini Mkuu ameondoka."

Mkuu alipiga simu haukupita muda. Dada akaweka sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia, maana nyumba ile siri haijawahi kulala hata usiku mmoja.

"Mwalimu, unajua ninavyokupenda," Mkuu akaanza, na Mama, aliyekuwa kwenye cherehani yake, akafumba macho. Mtu akianza na ninavyokupenda, kaa chonjo.

"Wazazi wananilalamikia. Kila siku mtoto anasoma nusu somo. Sasa Alhamisi nitakaa darasani kwako mwanzo mpaka mwisho. Mtandao ukitulia, vizuri, endelea kufundishia nyumbani. Ukikatika, mwezi ukianza uje huku kituoni ufundishe kama wenzako. Bweni la walimu lipo."

Hicho kituo kipo mji mwingine kabisa, safari ya kutoka asubuhi ukafika miguu imevimba. Dada akasema sawa, asante, akakata simu, akabaki anaikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake. Alishawahi kuishi mbali. Alirudi nyumbani mwaka ule miguu ya Babu ilipoanza kugoma, na tangu hapo ndiye anayemkata kucha, ndiye anayemsomea gazeti, na ndiye pekee chini ya jua anayeweza kumwambia Babu "meza dawa" akameza bila kesi. Mama akimwambia, kuna mjadala. Waya akimwambia, kuna matusi.

Babu ni baba yake Mama, na kama mababu wote wenye mjukuu wa kike, Dada kwake ni "mke wangu." Kwa hesabu hiyo Waya ni shemeji, na hajawahi kumwita vinginevyo.

"Shemeji," Babu akasema chini ya kofia, kumbe alikuwa hajalala kitu. "Mke wangu haendi kwenye bweni lolote. Tengeneza hicho kidude. Ukishindwa, mahari yangu irudi."

"Mahari gani, Babu? Hukutoa hata yai."

"Nilitoa moyo. Tengeneza."

Basi Waya akavaa ufundi. Mshukiwa wake wa kwanza ilikuwa cherehani ya Mama, ile ya umeme, iliyo chumba cha pili, imegawana ukuta na ruta.

"Mama, ile mota inapozunguka inatoa mawimbi, yanaingiliana na—"

"Mawimbi? Hapa kuna bahari?"

"Siyo hayo. Ya hewani."

"Cherehani hii imekulisha. Imekuvisha. Imekulipia shule mpaka ukajua hilo neno mawimbi. Leo ndiyo inakata intaneti?"

"Tujaribu tu. Somo moja."

Mama akakubali, lakini ile ya kukubali huku amekunja mikono. Somo zima alikaa mbele ya cherehani iliyozimwa, kimya, kama mtu anayesubiri mkuu wa kituo cha polisi arudi kutoka kula. Na katikati ya somo, kutoka chumba cha mwisho: "Wayaaa!"

Mama akamgeukia taratibu. "Haya. Niombe radhi. Mimi kwanza, halafu na yeye."

Waya akaiomba radhi cherehani, amesimama, mikono nyuma, na Mama akaitikia kwa niaba yake.

Mshukiwa wa pili ulikuwa waya wenyewe, ule unaotoka nguzoni. Akaufuata kwa macho, kwa vidole, juu ya ngazi, mpaka unapopenya ukuta wa dirishani. Hakuna panya aliyeutafuna, hakuna mtu aliyeukanyaga. Mshukiwa wa tatu wakawa watu wa nje: akabadilisha neno la siri, na jioni ile ile kinyozi wa jirani akaja mlangoni na mkasi mkononi kuuliza kama kuna jambo amewakosea. Kwa hiyo Waya akagundua kinyozi, lakini tatizo hakuligundua. Siku iliyofuata mtandao ukakatika kama kawaida, mara hii bila kinyozi ndani.

Na kilichomuumiza kichwa zaidi ni hiki. Kila alipokaa mwenyewe sebuleni kuitazama ile ruta, ilifanya kazi kama malaika. Hata kukohoa haikohoi. Akiondoka tu, akaenda uani, chooni, popote, "Wayaaa!" Ni kama lile jino linalokuuma usiku kucha, ukifika kwa daktari linajifanya halikujui.

"Inakuogopa," Mama akasema. "Kaa nayo. Uwe mlinzi wake."

"Na Alhamisi nikibanwa na haja?"

"Ujibane."

Wakaita fundi wa kampuni. Akaja mtu mmoja mnene, mpole, begi kubwa, maneno madogo. Babu hakuwepo asubuhi hiyo, Dada alimpeleka kliniki ya miguu. Fundi akachomeka kifaa chake huku, akachomoa, akachomeka kule, akapiga simu ofisini kwao, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Laini yenu haina ugonjwa," akasema. "Na hii haikatiki. Inazimwa."

"Inazimwa vipi?" Waya akauliza.

"Inaondokewa na umeme, halafu inarudishiwa."

"Mbona umeme wa nyumba haukatiki? Taa zinawaka, feni inazunguka."

"Basi kuna mkono."

Mama akaacha kukata kitambaa. "Mkono wa nani? Unataka kuniambia nyumbani kwangu kuna mashetani?"

"Mama yangu, sijasema mashetani. Nimesema mkono." Akafunga begi lake, akanywa maji aliyopewa, akaaga.

Mama akamtazama Waya. Akatazama bisibisi iliyochomoza mfukoni kwa Waya. Akamtazama tena.

"Mama! Mimi?"

"Mimi sijasema kitu. Nimetazama tu."

Babu hakuna aliyemfikiria hata kidogo. Babu remoti ya televisheni anaishika kama yai, anaogopa kuibonyeza asije akaharibu kitu. Mpaka leo akitaka kubadilisha stesheni anaita mtu. Kwa hiyo Waya akaamua mkono wenyewe ni soketi iliyolegea. Akabadilisha soketi, akabadilisha waya wa umeme, akakaza kila kinachokazika. Akalala amejipongeza.

Jumatano mchana ikakatika.

Ilirudi haraka, somo likaendelea, lakini Dada aliposema "Waya" mara hii hakupiga kelele. Alilisema polepole, amechoka, na hilo likamchoma kuliko zile kelele zote. Kesho yake ni Alhamisi. Alasiri hiyo kulikuwa na somo moja limebaki, na Waya akaona hapa pametosha, kama kuna mkono, ataushika.

"Naenda dukani kununua betri!" akatangaza sebuleni, kwa sauti ya mtu anayeuza samaki.

"Nenda, shemeji," Babu akasema chini ya kofia.

Waya akatoka mlango wa mbele, akaubamiza usikike, akazunguka nyumba ameinama, akachukua ndoo ya kufulia, akaigeuza chini ya dirisha la sebule, akapanda. Pazia lilikuwa na upenyo. Akaweka jicho.

Mwanzo hakuna kitu. Babu kiti, Babu kofia. Halafu kofia ikapanda. Babu akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akajisogeza kwenye ukingo wa kiti na kuielekea ruta kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Taa zikawa zinapepesa taratibu. Babu akawa anaitikia kwa kichwa, mm, mm. Kule chumbani Dada akawaambia watoto sasa tutazame video fupi ya kugawanya, na taa za ruta zikaanza kupepesa kwa fujo, kama kope za mtu aliyeingiwa na pilipili machoni.

Babu akaguna. Akainua mkono, akaiwekea ruta mgongo wa kiganja, vile vile unavyompima mtoto homa.

"Pole, mzee mwenzangu," akaiambia. "Umepanda sana leo."

Kidole kikaenda nyuma. Taa zote zikafa.

"Waya!" kutoka chumba cha mwisho.

Babu akaitikia kwa kichwa, ametulia, anasubiri, kama mtu anayeangalia chai isimwagike. Aliporidhika akabonyeza tena, akaipigapiga ruta mgongoni mara mbili, akavua miwani, akaegemea, akashusha kofia.

Waya akaanguka na ndoo yake.

Aliingia ndani goti limechubuka na maneno yamemjaa mdomoni, makali yote. Babu akainua kofia kidogo.

"Umerudi, shemeji? Betri ziko wapi?"

"Babu. Unafanya nini hapo kwenye ruta?"

Babu akatazama mlango wa koridoni. Akamwashiria akae, asogee, asogee zaidi, kama anayetaka kumpa siri ya biashara.

"Inachemsha," akanong'ona.

"Nini inachemsha?"

"Hiyo. Ruta yenu. Nyie vijana hamna macho. Ukiona taa zinapepesa hivyo ujue mzigo umezidi. Mimi nimeendesha malori tangu mama yenu hajazaliwa. Gari ikichemsha hupigi honi, hupigi kelele. Unasimama, unazima, unaiacha ipumue. Lakini nyie! Nyie ni kukanyaga mafuta mpaka injini inaungua."

"Babu, kupepesa ndiyo kufanya kazi kwake."

"Hata injini kugonga ni kufanya kazi."

"Kila ukiizima Dada anapiga kelele! Husikii?"

"Nasikia. Hapo ndipo ninapojua nimeiwahi." Babu akatabasamu, na meno yake machache yakatoka yote kusalimia. "Bila mimi kidude kingeshaungua, shemeji, na mke wangu angekuwa huko bwenini analala kitanda cha juu. Wewe ukiwepo nakuachia, najua una macho yako. Ukitoka, nashika zamu."

Yale maneno makali ya Waya yakakosa pa kutokea. Sasa ndiyo akamwona Babu vizuri. Babu alikuwa amenyoa ndevu. Shati limefungwa vifungo vyote. Na ile kofia, Waya hakuwa amejiuliza imetoka wapi. Ilikuwa kofia yake ya safari, iliyokaa kabatini tangu miguu igome, tangu aanze kusema mimi sasa ni mzigo tu, nipangeni na viti. Siku za karibuni hakuwa amelisema hilo neno. Anaamka kabla ya watu wote. Kumbe ana kazi.

Utamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba kazi yake ndiyo ugonjwa wenyewe?

Waya akakuna kichwa. Akakuna goti, likamuuma.

"Babu, nikuulize kitu cha barabarani."

"Uliza."

"Una mzigo kamili. Upo katikati ya mlima, ule mkali. Gari imeanza kupata moto kidogo. Unasimama pale pale unazima?"

"Katikati ya mlima?" Babu akashtuka kama ametukanwa. "Wee! Utingo gani alikufundisha huo ujinga? Ukizima hapo mzigo unakuvuta nyuma, unaua watu! Mlima unaumaliza, gia ndogo, taratibu, gari inalia lakini inakwenda. Kupumzisha ni chini, bondeni, kabla hujaanza kupanda. Au kule juu ukishafika. Katikati? Ni mwendawazimu peke yake anayezima kati—"

Akanyamaza.

Ruta ikapepesa.

"Somo la mke wangu," Babu akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Ndiyo mlima."

"Ndiyo."

"Na wale watoto wamo nyuma, kwenye bodi."

"Wamo."

Babu akavua kofia, akaiweka gotini, akaitazama ndani kama kuna kitu kimedondokea humo. "Yeye kashika usukani, mimi nazima. Kila siku nazima. Kwa hiyo anayempeleka bwenini ni mimi."

Waya akamshika bega.

"Usimwambie," Babu akasema.

"Simwambii."

"Apa."

"Naapa, Babu. Hata wanibane na mlango."

Alhamisi, Babu alikuwa sebuleni kabla jogoo hajafikiria. Kabla ya somo aliizima ruta mwenyewe, bondeni, kama inavyotakiwa. Akaipangusa vumbi. Akaiondoa katikati ya birika mbili zilizochorwa maua ilipokuwa imebanwa, akaiweka ukingoni inapopata hewa. Akaiwasha, akarudi kwenye kiti, akamwambia Waya akae upande wa pili. Mama akazima cherehani bila kuombwa.

"Siyo kwamba nakubali," akasema. "Nataka tu kusikia."

Mlango wa chumba cha mwisho ukaachwa wazi. Wakamsikia Dada akiwasalimia watoto, wakamsikia na Mkuu akisema, "Endelea, mwalimu, mimi sipo." Somo likaanza. Taa zikapepesa. Babu akaegemeza mkono kwenye kabati, Waya akamtazama, Babu akaurudisha.

"Nilikuwa nanyoosha," akanong'ona.

Dada akaweka video. Taa zikaingiwa na wazimu. Babu akaukalia mkono wake wa kulia. Jasho likamtoka. "Gia ndogo, mama," akawa anaisemesha ruta, "gia ndogo, usiangalie nyuma, unafika." Mwisho akashindwa kukaa bure, akachukua gazeti, akaanza kuipepea. Waya akapokea alipochoka. Wakapokezana hivyo, babu na mjukuu, wanakipepea kidude kama mgonjwa, huku kule chumbani robo inajumlishwa na nusu na watoto wanagombania kujibu.

Somo likaisha. Halikukatika hata mara moja. Watoto wakaaga, kwaheri mwalimu, kwaheri mwalimu, na Mama akaanza kupiga makofi ya kimya kimya. Babu akafumba macho.

Halafu wakamsikia Mkuu.

"Mwalimu, leo nimefurahi. Sasa niambie. Tatizo lilikuwa nini?"

"Mdogo wangu amerekebisha, Madamu."

"Amerekebisha nini?"

"Waya," Dada akaita. "Njoo mara moja."

Waya akaenda, akasimama nyuma ya kiti cha Dada. Kwenye skrini kulikuwa na mama mmoja wa miwani, kalamu mkononi, uso wa mtu ambaye hajawahi kudanganywa akakubali.

"Kijana, hongera. Shida ilikuwa nini?"

"Ilikuwa... muunganiko."

"Wa nini na nini?"

"Wa umeme. Na ruta. Na... mambo ya pale katikati."

"Ulilegea?"

"Ulilegea. Kiasi."

"Mwalimu ameniambia soketi ulibadilisha juzi, na jana ikakatika."

Waya akajikuna shingo. Dada akageuka kumtazama, macho makubwa, yanamwambia sema, kama unajua sema. Kiapo upande huu, dada upande ule, na ulimi katikati umekauka.

Mkuu akashusha kalamu. "Mwalimu, nisikilize. Leo imetulia, lakini hakuna anayejua kwa nini. Kesho je? Siwezi kuwaambia wazazi tumuachie Mungu na soketi. Kama hakuna wa kunieleza kilichokuwa kibovu, na kwa nini hakitarudi, naona bora tu uje kituoni. Bado nakupenda."

Koridoni kukasikika fimbo. Tok. Tok. Babu akaingia, kofia kwapani, kifua mbele, kama dereva aliyeitwa na trafiki. Akasogea mpaka kwenye kompyuta, akainama karibu sana, kiasi kwamba Mkuu bila shaka alichokuwa anaona ni pua na nusu ya paji la uso.

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni... ni mimi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mama, aliyekuwa anazima ni mimi."

"Babu!" Dada akasema.

"Mke wangu, nyamaza, wakubwa tunaongea." Akakohoa. "Mama, mimi nilikuwa dereva wa malori. Nikaona kile kidude taa zinapepesa, nikajua kinachemsha. Nikawa nakizima kipumue. Kumbe nakizima mlimani, na watoto wa watu wamo ndani. Hakuna soketi, hakuna waya, hakuna nini. Gari ni zima. Dereva ndiye mbovu, na nimeshamshusha mwenyewe, kwa mikono yangu. Maisha yangu yote barabarani sijawahi kumwacha mtu njiani, nimekuja kumwacha huyu. Sasa kama lazima kuna wa kuja huko bwenini, huyu binti muache. Nije mimi."

Mkuu mdomo umefunguka kidogo, kalamu imeinuliwa nusu, jicho halipepesi. Wakamtazama. Hakutikisika.

"Imekatika," Dada akasema, sauti imevunjika. "Waya, imekatika!"

Waya akaruka koridoni, akamgonga Mama aliyekuwa anakuja, akafika sebuleni. Taa zote kijani, zinapepesa zao. Akarudi mbio.

"Haijakatika!"

Ndipo mabega ya Mkuu yakaanza kutikisika. Kwanza kidogo, halafu kalamu ikaanguka, halafu miwani ikatoka, na yule mama akawa anacheka amejifunika uso kwa daftari, anajaribu kuacha, anashindwa.

"Mzee," akasema alipopata pumzi, "bwenini kwetu hakuna nafasi ya wanaume."

"Basi mke wangu abaki?"

"Mke...?"

"Mjukuu, Madamu," Dada akasema, amejiziba uso kwa viganja. "Mimi ni mjukuu. Ananitania."

"Abaki," Mkuu akasema. "Ugonjwa nimeujua na dawa nimeiona. Lakini mzee, nikisikia tena imezimwa!"

"Mama, nimekwambia dereva nimemshusha."

Mkuu akatoka, bado anacheka. Waya akaugusa ulimi wake kwa meno, akashukuru kwamba kiapo kimetoka salama bila yeye kukivunja. Babu alibaki amesimama, anaizungusha kofia mikononi, hamtazami Dada.

"Babu," Dada akasema. "Kila siku?"

"Jumapili sikuwa nazima."

"Jumapili sifundishi!"

"Ndiyo maana."

Dada alitaka kukasirika, na haki alikuwa nayo. Zile simu za wazazi, zile siku alizokula chakula hakipiti. Akakunja uso, akaukunja vizuri kabisa, lakini mdomo ukamsaliti. Akasimama akamkumbatia Babu, akamkumbatia kweli kweli, mpaka fimbo ikaanguka.

"Utanivunja mbavu, mke wangu."

"Acha zivunjike."

"Miguu pia, basi. Inatetemeka."

Dada akashtuka, akamkalisha kwenye kiti chake cha ualimu, akapiga magoti kuangalia vifundo kama vimevimba. Mama mlangoni anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja, anasema ni vumbi. Na hapo, kutoka kwenye kompyuta ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga, ikatoka sauti ndogo.

"Mwalimu? Hilo lori la babu lilikuwa na magurudumu mangapi?"

Kumbe yupo mmoja hakuwa ameondoka, na kwa vicheko vilivyosikika nyuma yake, hakuwa peke yake. Dada akainua kichwa amtazame Babu. Babu alishavaa kofia. Akajivuta na kiti, akaisogelea skrini, pua kwanza.

"Lipi?" akauliza. "Maana malori yalikuwa matatu."